Samaki Wanapougua na Kufa Darasani: Somo la Sayansi katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Tangi la samaki ni miongoni mwa zana bora za kufundishia viumbe hai katika shule ya msingi. Halihitaji nafasi kubwa, wala halidai fedha nyingi, na huwawezesha wanafunzi kuona kwa macho yao mambo ambayo vinginevyo wangeyasikia tu: kupumua, kula, kukua na kuzaana. Hata hivyo, mwalimu anayeanzisha tangi hana budi kujua mapema kwamba siku moja atafika darasani na kumkuta samaki amelala ubavu juu ya maji, na wanafunzi arobaini au zaidi wakimtazama yeye ili waone atasema nini.

Makala hii inakusudia kumwandaa mwalimu mwanafunzi kwa ajili ya siku hiyo. Tutaeleza sababu za kawaida za kuugua na kufa kwa samaki, namna ya kuzichunguza pamoja na wanafunzi, hatua za kuchukua, na jinsi ya kuligeuza tukio hilo kuwa somo. Mifano yetu inatoka Mabogini, tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi, ambako maji yashukayo kutoka Kilimanjaro humwagilia mashamba ya mpunga ya mradi wa Lower Moshi uliojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Mwalimu wa mahali pengine atabadilisha majina ya mito na mazao. Kanuni zitabaki zile zile.

Samaki anayefaa

Kwa shule nyingi samaki anayefaa ni perege. Hupatikana kwa urahisi, huvumilia mabadiliko ya maji kuliko samaki wengi wa mapambo, na wanafunzi wanamfahamu kwa sababu wanamla. Isitoshe, perege ana historia inayowahusu watoto wa Kilimanjaro. Jenasi ya perege iitwayo Oreochromis, ambayo ndani yake wamo sato na perege wengi wafugwao duniani leo, ilipewa jina mwaka 1889 kutokana na samaki waliopatikana katika Ziwa Chala, chini ya mlima huu huu. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ina maana ya mlima. Mwanafunzi akielezwa hivyo hulitazama tangi la darasani kwa jicho jingine.

Vifaranga vyenye urefu wa sentimeta 3 hadi 5 vinatosha. Tuchukue tangi lenye urefu wa sm 60, upana wa sm 30 na kina cha maji sm 25. Wanafunzi wa Darasa la V wanaweza kukokotoa wenyewe: 60 × 30 × 25 = sentimeta za ujazo 45,000, yaani lita 45. Katika tangi la kiasi hicho lisilo na pampu ya hewa, vifaranga sita vinatosha kabisa. Mwalimu asishawishike kuongeza wengine kwa sababu tangi "linaonekana tupu". Msongamano ndio mama wa magonjwa mengi.

Kanuni ya kwanza: tuhumu maji kabla ya kutuhumu ugonjwa

Mtu asiyezoea kufuga samaki, akiona samaki wake wanakufa, hukimbilia dawa. Mara nyingi dawa haihitajiki, kwa kuwa kosa limo katika maji. Samaki huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kinapooza huongeza amonia hiyo hiyo, ambayo ni sumu.

Katika tangi lililokomaa zipo bakteria ambazo huigeuza amonia kuwa nitriti, na bakteria nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, kwa sababu huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, hata matamvua yakageuka rangi na kuelekea kahawia. Nitrati haina madhara makubwa ikiwa maji hubadilishwa mara kwa mara. Bakteria hizo huishi juu ya changarawe, mawe na mimea. Katika tangi jipya bado hazijaongezeka, nazo huhitaji wiki nne hadi sita. Ndiyo maana samaki wengi hufa katika mwezi wa kwanza, wakati maji yanaonekana maangavu kabisa. Maji maangavu si lazima yawe maji salama. Huu ni ukweli mmoja mkubwa ambao wanafunzi watauchukua hadi kwenye maji ya kunywa nyumbani.

Kutokana na maelezo hayo, mwalimu ataelewa kwa nini usafi uliozidi unaweza kuua. Wanafunzi wa zamu, kwa nia njema, huweza kumwaga maji yote, kusugua changarawe kwa sabuni na kujaza maji mapya. Tangi litang'aa, lakini bakteria zote zitakuwa zimekwenda, na sabuni iliyosalia itayadhuru matamvua. Utaratibu ufaao ni kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki. Kwa tangi letu hizo ni lita 15, yaani ndoo moja ya lita kumi na nusu yake. Changarawe isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, bila sabuni.

Maji mapya nayo yana masharti yake:

(a) Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe katika ndoo wazi kwa siku nzima au zaidi kabla ya kutumiwa.

(b) Maji ya mfereji wa shamba yasitumiwe. Katika eneo la mpunga mfereji huweza kubeba viuatilifu, na baadhi ya dawa za wadudu huua samaki hata zikiwa kidogo mno.

(c) Ndoo ya tangi iwe na alama yake, isitumike kwa sabuni, wala isiwe ndoo iliyowahi kuchanganyia dawa ya kupulizia mimea. Ndoo ya namna hiyo haisafishiki ikawa salama, si kwa samaki tu bali kwa mtoto pia.

Hewa, joto na chakula

Samaki wakionekana alfajiri wote wako juu, wakipanua midomo kwenye uso wa maji, wana upungufu wa oksijeni. Mchana mimea ya majini hutoa oksijeni. Usiku mimea hiyo hiyo huitumia. Kwa hiyo upungufu hufikia kilele chake kabla ya jua kuchomoza. Aidha, maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hushika kama saba na nusu. Katika tambarare ya Mabogini, ambako jua la Januari na Februari ni kali, tangi lisiwekwe dirishani. Dawa ya haraka ni kubadilisha sehemu ya maji kwa kuyamimina kutoka juu ili yachukue hewa, na kupunguza idadi ya samaki.

Katika Juni na Julai hali hugeuka. Baridi huteremka kutoka mlimani, na perege hupunguza kula maji yanapokuwa chini ya nyuzi 20. Mwalimu asiyejua hilo hudhani samaki wanaumwa, akazidisha chakula ili "kuwatia nguvu". Chakula hakiliwi, huoza, na sasa samaki wanaugua kweli.

Chakula chenyewe kiwe kidogo: pumba laini za mpunga zilizochanganywa na dagaa waliosagwa, kiasi kitakachoisha ndani ya dakika tano. Samaki mwenye afya hustahimili siku mbili tatu bila chakula. Hivyo hakuna haja ya kuwawekea Ijumaa akiba ya Jumamosi na Jumapili. Wakati wa likizo ndefu, tangi likabidhiwe mtu anayejua kipimo hicho, au samaki wapelekwe kwa mfugaji.

Magonjwa ya kawaida na dalili zake

Baada ya kuhakikisha kuwa maji hayana kasoro, ndipo tutazame magonjwa. Yafuatayo ndiyo mwalimu atakayokutana nayo mara nyingi.

1. Madoa meupe. Mwili na mapezi huwa kama vimenyunyiziwa chumvi, na samaki hujisugua kwenye mawe. Chanzo ni kidudu cha seli moja kinachojichimbia ndani ya ngozi. Kikikomaa hudondoka chini, hujigawa na kuwa mamia ya vidudu vichanga, na hivyo huogelea kutafuta samaki mwingine. Visipompata katika siku chache hufa. Jambo la kukumbuka ni kwamba dawa huvifikia vikiwa vinaogelea tu. Vikiwa ndani ya ngozi haviguswi. Kwa hiyo anayetibu siku moja, akaona madoa yamepungua na kuacha, hajatibu kitu. Katika maji yenye nyuzi 25 mzunguko huo hukamilika chini ya wiki moja. Baridi ikizidi, huchukua muda mrefu zaidi. Endelea na tiba kwa siku kumi hadi kumi na nne.

2. Kuvu. Huonekana kama pamba iliyogandamana mwilini. Hushika mahali penye jeraha, na kwa kawaida huwa na chanzo cha awali: wavu mkavu uliomchubua samaki, ugomvi, au mikono iliyomshika vibaya.

3. Kuoza kwa mapezi. Kingo za mapezi huchanika na kupauka. Husababishwa na bakteria, na mara nyingi hufuata maji machafu. Maji yakirekebishwa mapema, mapezi huota tena.

4. Kuvimba mwili. Tumbo hujaa na magamba husimama. Hii ni dalili kwamba viungo vya ndani vimeshindwa kazi, na samaki wa namna hiyo hapони mara nyingi.

Kwa ugonjwa wa kwanza, na kwa kuvu au kuoza kwa mapezi kulikoanza tu, chumvi ya kawaida ya jikoni ni msaada mkubwa. Kiasi cha gramu 3 kwa kila lita moja kinavumilika kwa perege. Kwa tangi letu la lita 45 ni 45 × 3 = gramu 135. Chumvi iyeyushwe kwanza katika maji, kisha imiminwe kidogo kidogo kwa muda wa siku mbili. Chumvi haipotei pamoja na mvuke. Kwa hiyo maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu. Ukiyatoa maji ya tangi, rudisha chumvi kwa kadiri ya lita ulizotoa tu.

Asiyekula si lazima awe mgonjwa

Ipo hali moja inayowadanganya walimu wengi. Perege jike, aliyekomaa, huacha kula, hujitenga pembeni na kidevu chake huvimba. Kabla ya kumtia chumvi, mtazame kwa makini. Perege wa jenasi tuliyoitaja huatamia mayai kinywani. Mama huyo hali kwa sababu amebeba watoto, na baada ya wiki mbili hivi utaona vifaranga vikitoka na kurudi kinywani mwake. Mwalimu aliyefunza wanafunzi wake kutazama kabla ya kutenda atavuna siku hiyo somo ambalo hakuliandalia.

Utaratibu wa uchunguzi

Wanafunzi wafundishwe kuuliza maswali manne kwa mpangilio:

(i) Wangapi wameathirika? Wote kwa pamoja katika saa chache: shuku maji au sumu. Mmoja mmoja kwa siku kadhaa: shuku ugonjwa unaoambukiza. Mmoja tu: shuku jeraha, umri au ugomvi.

(ii) Nini kilibadilika katika wiki iliyopita? Samaki wapya, chakula kipya, maji mapya, baridi?

(iii) Dalili ziko wapi: ngozini, matamvuani, mapezini, au katika mwendo?

(iv) Nani aliona nini kwanza, na lini?

Maswali hayo hayajibiki bila daftari la tangi. Kila siku mwanafunzi wa zamu aandike tarehe, idadi ya samaki, joto la maji kama kipimajoto kipo, chakula walichopewa, harufu na rangi ya maji, na jambo lolote geni. Dakika tatu zinatosha.

Samaki wapya wakae katika ndoo ya peke yao kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzao. Samaki anayeugua naye atengwe humo.

Usalama wa wanafunzi

Hapa mwalimu asiregeze kamba. Wanafunzi wasitumwe kuingia mtoni, mashambani wala kwenye mifereji kutafuta samaki, konokono au magugu. Tambarare hii ni eneo la kichocho. Kichocho cha tumbo kilichunguzwa katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini, jirani na Mabogini, tangu miaka ya 1960. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya binadamu. Konokono aliyeokotwa mferejini na kutiwa tangini huweza kuleta hatari hiyo hadi darasani. Samaki wanunuliwe kwa mfugaji, na mimea isuuzwe na kukaguliwa.

Vilevile, mwenye kidonda mkononi asitie mkono tangini, kwani zipo bakteria za samaki zinazoweza kuambukiza ngozi ya mtu. Wote wanawe kwa sabuni baada ya kazi, mbali na tangi.

Samaki wa tangi, awe mzima au mfu, asitupwe mtoni wala mferejini. Magonjwa ya samaki husafiri pamoja na samaki. Mwaka 2014 kulitangazwa kirusi kipya cha perege kutoka Israeli. Mwaka 2018 watafiti walichapisha taarifa za kuonekana kwa vinasaba vyake katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Kirusi hicho hakijulikani kumdhuru binadamu, bali kinaonyesha jinsi maradhi yanavyovuka nchi. Aliyekufa azikwe katika bustani ya shule, kwa kina cha kutosha ili mbwa na paka wasimfukue.

Wakati wa kifo

Walimu wengine, kwa huruma, humwondoa samaki aliyekufa kabla ya wanafunzi kufika na kumweka mwingine anayefanana naye. Tendo hilo lina madhara mawili. Kwanza, daftari la tangi linakuwa la uongo, na sayansi haijengwi juu ya kumbukumbu za uongo. Pili, watoto huhesabu na kutambua. Mmoja wao atagundua kwamba samaki yule alikuwa na doa juu ya mkia na huyu hana, naye atajifunza kwamba mambo mazito hufichwa.

Walimu wengine hutafuta mkosaji. Huuliza, "Zamu ilikuwa ya nani?" na mtoto mmoja huinuka akitetemeka. Mtoto huyo akiadhibiwa, tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi atakayeandika katika daftari kwamba alizidisha chakula. Ukweli utakuwa umekufa pamoja na samaki. Swali la mwalimu liwe "Nini kilitokea?" Aliyekosea na kusema ameisaidia shule kuliko aliyekosea na kunyamaza.

Mwalimu aseme waziwazi: samaki amekufa, hatarudi, tunasikitika, na sasa tutatafuta sababu. Asiseme "amelala". Katika darasa lolote huenda yumo mtoto aliyefiwa nyumbani. Akionekana kuguswa zaidi ya wenzake, mwalimu aketi naye pembeni baada ya kipindi na kumsikiliza. Samaki aliye mahututi asiyeweza kupona asiachwe kuteseka mbele ya watoto; mwalimu amchukue kando na kummaliza haraka. Mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba, hutumika kama dawa ya usingizi ya samaki, na kwa kipimo kikubwa humwua bila mateso.

Andalio la somo la mfano

Darasa: V. Muda: dakika 40. Mada: Sababu za vifo katika tangi letu.

Shabaha: Kufikia mwisho wa somo, kila mwanafunzi aweze kusoma kumbukumbu za siku saba na kutaja sababu moja inayoelekea kuwa ya kweli, pamoja na ushahidi wake.

Zana: Daftari la tangi, au mfano ufuatao ukiandikwa ubaoni. "Jumatatu hadi Alhamisi: samaki 6, maji hayana harufu, chakula kijiko 1 kila siku. Ijumaa: vijiko 3 vimewekwa kwa ajili ya mwisho wa wiki. Jumatatu: samaki 2 wamekufa, 4 wanapumulia juu, maji yana ukungu na harufu."

Hatua ya 1 (dakika 5): Mwalimu aeleze kilichotokea na kuruhusu watoto waseme wanavyohisi.

Hatua ya 2 (dakika 15): Katika vikundi vya watu watano, wanafunzi wasome kumbukumbu na kujibu maswali manne ya uchunguzi.

Hatua ya 3 (dakika 12): Kila kikundi kitoe jibu na ushahidi. Mwalimu asitangaze jibu mapema, aulize, "Umejuaje?" Mwisho aonyeshe mfuatano: chakula kilizidi, kikaoza, kuoza kukatumia oksijeni na kutoa amonia, samaki wakadhurika. Sehemu gani ya samaki wote imekufa? 2/6, yaani 1/3.

Hatua ya 4 (dakika 8): Darasa liamue mambo mawili: la kufanya leo (kubadilisha theluthi ya maji na kusitisha chakula kwa siku moja), na kanuni mpya ya zamu.

Jaribio la kufuatia: Jaza maji chupa mbili zisizo na samaki. Moja itiwe kijiko cha chakula, nyingine isitiwe. Zilinganishwe kwa siku tatu. Hivyo wanafunzi watathibitisha sababu bila kumtesa kiumbe.

Maswali ya kujipima kwa mwalimu mwanafunzi

1. Tangi lina urefu wa sm 50, upana wa sm 30 na kina cha maji sm 20. Kokotoa lita zake, gramu za chumvi zitakazohitajika, na lita za kubadilishwa kila wiki.

2. Samaki wote watano wamekufa usiku mmoja, siku ile ile maji yalipobadilishwa. Orodhesha mambo matatu utakayoyachunguza kwanza.

3. Mzazi anashauri samaki waliobaki waachiwe katika mfereji wa mpunga. Utamjibu nini?

4. Mwanafunzi wa zamu anakujia peke yake na kusema alisuuza changarawe kwa sabuni. Andika maneno matatu au manne ya kwanza utakayomwambia.

Swali la nne lijadiliwe na kundi zima chuoni. Kati ya yote manne, ndilo litakaloonyesha kama mtoto huyo atakujia tena siku nyingine akiwa na ukweli mkononi.